Bomba Hilo Lilipimwa kwa Mgongo wa Nani?

Leo siandiki habari za viwavijeshi wala mbolea ya kukuzia. Leo nina ugomvi, na wa kwanza kugombana naye ni mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi cha akina mama wa mbogamboga, katika moja ya vijiji ninavyohudumia, kilipewa pampu tatu za kukanyaga kwa miguu. Siku ya makabidhiano palikuwa na maturubai, soda na picha nyingi. Mimi ndiye niliyesimama mbele kuonyesha jinsi ya kukanyaga. Mimi ni mrefu, nilivaa suruali, na nilikanyaga kwa dakika tano. Maji yakapanda, watu wakapiga makofi.

Baada ya miezi mitatu nilirudi. Pampu moja ilikuwa imegeuka kiota cha kuku, mbili zimefunikwa na majani. Akina mama walikuwa wamerudia ndoo na keni za kumwagilia. Nikaandika kwenye ripoti sentensi ambayo mabwana shamba wenzangu wanaijua vizuri: "Wanakikundi hawana mwamko wa kutumia teknolojia." Nikasaini, nikapanda pikipiki, nikaondoka.

Bibi mmoja wa kikundi kile alinisimamisha njiani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniambia: "Bwana shamba, mwanangu, ile pampu si mbovu. Ila aliyeitengeneza hakuniwaza mimi. Nikipanda pale juu goti linanifika kifuani, khanga inafunguka, na mkono haufiki vizuri kwenye ule mti wa kushikilia. Wewe ulikanyaga dakika tano. Mimi nakanyaga saa tatu."

Nilicheka. Leo naona aibu kwamba nilicheka. Bibi yule alikuwa amesema kwa sentensi chache jambo ambalo wahandisi wa dunia wametumia zaidi ya miaka 50 kulifanyia kazi kwa kompyuta.

MTU WA KOMPYUTA

Kwenye maonyesho ya Nane Nane nilimkuta mwanafunzi wa uhandisi na kompyuta yake. Kwenye kioo palikuwa na mtu aliyechorwa, amesimama juu ya mchoro wa pampu inayofanana na zile zetu. Mtu yule alikuwa na mifupa, viungo na uzito. Kijana akabonyeza, mtu akaanza kukanyaga. Kila alipokanyaga, kompyuta ilionyesha mzigo ulio kwenye goti na kwenye kiuno. Sehemu iliyoelemewa iligeuka nyekundu.

Nikamuuliza, "Huyu ana urefu gani?" Akasema sentimita 175. Nikamwambia, "Mpunguze awe 152, mfanye mwanamke." Akafanya hivyo. Goti likapanda, kiuno kikapinda, mkono ukanyooka mpaka mwisho, na nyekundu ikatokea. Nikamkumbuka bibi yule. Kumbe maneno yake yangeweza kuonekana kwenye kioo hata kabla chuma cha kwanza hakijakatwa.

Kazi hii si ngeni. Miaka ya 1960, William Fetter wa kampuni ya Boeing huko Marekani alichora mtu kwa kompyuta ili kujua kama rubani atafikia vitufe vya ndege akiwa amekaa kwenye kiti chake. Miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilianza kutengeneza programu iliyopewa jina la Jack, ambayo baadaye iliingia viwandani. Leo kampuni kubwa ya magari haisubiri gari litengenezwe ndipo igundue kwamba dereva mfupi hafiki kwenye breki. Humkalisha mtu wa kompyuta kwanza. Akishindwa, mchoro unafutwa na kurekebishwa. Kufuta mchoro hakuna gharama kama kuyeyusha chuma.

Jinsi linavyofanyika ni hivi. Wanapima watu wengi: urefu, kimo cha bega, kimo cha kiwiko, urefu wa mkono, upana wa kiganja, uzito. Kisha wanajenga mtu anayeweza kubadilishwa kutoka kwenye vipimo hivyo. Kwa kawaida hawampimi mtu mmoja tu. Panga wanawake 100 kwa urefu, mchukue wa 5 kutoka upande wa wafupi. Panga wanaume 100, mchukue wa 95. Kifaa kikiwafaa wote wawili, kinatarajiwa kuwafaa wengi walio katikati.

TATIZO: ANAJUA WALE TU WALIOPIMWA

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Mtu wa kompyuta hana akili ya kumjua mtu ambaye hakupimwa. Vipimo ambavyo wahandisi wengi duniani wamevitegemea vilitoka kwa askari wa jeshi la Marekani, waliopimwa mwaka 1988 na kupimwa tena kati ya 2010 na 2012. Vingine vilitoka kwa raia wa Marekani na wa Ulaya, hasa Uholanzi na Italia, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Ni kazi nzuri na siibezi. Lakini askari huchaguliwa kabla hajaingia jeshini: mfupi sana hukataliwa, mnene sana hukataliwa, mgonjwa hukataliwa. Halafu askari hapimwi akiwa na mtoto mgongoni, ameamka saa kumi alfajiri, ameshachota maji na kutwanga.

Hata matajiri wenyewe wamejikwaa hapa. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima marubani 4,063. Luteni mmoja, Gilbert Daniels, akachukua vipimo 10 vya mwili na kutafuta ni marubani wangapi walikuwa wa wastani kwa vyote 10. Hakumpata hata mmoja. Chumba cha rubani kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo! Ndipo viti na mikanda vikaanza kutengenezwa ili virekebishike.

Kwenye magari, mwanasesere wa kujaribia ajali aliyetumika tangu miaka ya 1970 ni mwanaume wa sentimita 175 na kilo 78. Kwa muda mrefu mwanasesere wa kike alikuwa yule mwanaume aliyepunguzwa tu. Mwaka 2022 ndipo watafiti wa Sweden, wakiongozwa na Astrid Linder, walipoonyesha mwanasesere mwenye umbo la mwanamke wa wastani, sentimita 162 na kilo 62. Ikiwa nchi zenye maabara zilimsahau mwanamke anayeendesha gari, unadhani nani alimkumbuka mwanamke anayebeba bomba la dawa?

Kwa hiyo nina maneno kwa makundi mawili. Wanaosema mambo ya mtu wa kompyuta ni anasa ya Wazungu wanakosea, kwa sababu anayelipa gharama ya kutopima ni mkulima, kwa mgongo wake. Na wanaosema "kifaa hiki kimethibitishwa kisayansi" bila kusema kilithibitishwa kwa mwili wa nani, hao wanakosea zaidi. Kompyuta iliyolishwa mwili wa mgeni itakupa jibu la mgeni, tena lenye muhuri. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kompyuta nayo haijalala kwenye kitanda chetu.

TAZAMA BOMBA LA MGONGONI

Tuchukue kifaa ambacho karibu kila kijiji kinacho: bomba la kupulizia dawa la lita 16. Maji ya lita 16 ni kilo 16. Ongeza bomba lenyewe, unakaribia kilo 20. Ekari moja ya nyanya zilizokua inaweza kuhitaji mabomba 10 au zaidi. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi unaliinua kutoka chini na kulitupia mgongoni.

Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, ina kanuni ya kunyanyua mizigo. Inaanzia kilo 23, lakini hizo ni kwa hali nzuri kuliko zote: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, hujipindi, na una mahali pazuri pa kushika. Kila hali inapoharibika kilo zinapungua. Mzigo ukiwa chini ardhini na mbele ya miguu yako, zinashuka chini ya nusu. Sasa bomba letu liko chini ardhini, limejaa, linateleza, na unajipinda ili kupitisha mkono kwenye mkanda. Kanuni ile inasema usilibebe hivyo. Sisi tunasema "vumilia, ndiyo kilimo".

Tena hapo sijataja dawa. Mtu mfupi akivaa bomba lenye mikanda mirefu, tangi linakaa chini ya kiuno na kumvuta nyuma. Ili asianguke anainama mbele. Akiinama, mfuniko uliolegea unamwaga dawa mgongoni, inaloanisha nguo na kupita kwenye ngozi. Halafu tunamfanyia semina ya matumizi salama ya viuatilifu, tunamwambia hana nidhamu ya kuvaa vifaa vya kujikinga. Tunaanza kumlaumu mtu kabla hatujalitazama bomba.

NA WAFANYABIASHARA MSICHEKE

Mnunuzi wa mazao, najua unasema hii ni ya wakulima. Je, lumbesa? Sheria ya Vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini wote tunajua magunia yanavyoshonewa kilemba. Kinachozungumzwa kila msimu ni jinsi mkulima anavyopunjwa, na ni kweli anapunjwa. Lakini kuna mwizi wa pili ambaye hatajwi. Shirika la Kazi Duniani, tangu mwaka 1967, limependekeza mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Gunia halali la kilo 100 tayari limekaribia mara mbili ya hapo, na lumbesa imepita. Kijana anayepakia lori lako leo atakuwa na kiuno cha mzee kabla hajafika miaka 40. Majirani zetu Kenya mwaka 2019 waliweka kanuni ya viazi mviringo kufungwa kwa uzito usiozidi kilo 50. Utekelezaji wake una mivutano, lakini angalau kanuni imeandikwa kwa kumkumbuka mtu anayebeba.

DENI NI LAKO, CHUMA NI CHAKO

Kwa nini nakasirika sasa? Kwa sababu ya fedha. Vikundi vinapata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinataka mashine: za kupukuchua mahindi, za kupura mpunga, za kukamua alizeti, pawatila. Mkopo lazima urudishwe. Ukinunua mashine ambayo mlango wake wa kulishia mahindi uko juu ya bega lako, utamlipa kijana mrefu aje akulishie kila siku. Ukinunua pawatila ambayo injini yake inawashwa kwa kuzungusha hendeli kwa nguvu za mwanaume mwenye mabega, basi mwenye mashine si kikundi cha akina mama. Mwenye mashine ni yule anayeweza kuiwasha. Nimeona kikundi kikilipa rejesho kila mwezi, huku mashine ikilala nyumbani kwa mume wa mjumbe kwa sababu ni yeye tu anayeiweza. Deni la wanawake, mashine ya mwanaume. Hapo ukisema "hawana mwamko" unastahili kunyang'anywa kalamu.

Na mwenye ulemavu wa mguu anayepewa mashine ya pedeli, yeye tumwambie nini?

MAJIBU NINAYOSIKIA

Muuza pembejeo ananiambia: "Bwana shamba, wateja wanataka bei nafuu, hawaulizi mikanda." Ni kweli hawaulizi, kwa sababu hujawahi kuwaonyesha. Weka mabomba mawili, moja lina mikanda mipana inayofupishwa, lingine lina mikanda myembamba kama kamba ya ndoo. Yajaze maji, mwambie mteja azunguke nayo duka mara tatu. Kisha ongea bei.

Mtu wa mradi anasema: "Tutaongeza mafunzo." Mafunzo hayaongezi urefu wa mkono. Ukimfundisha mtu wa sentimita 150 kwa wiki nzima, siku ya saba bado ana sentimita 150.

Baadhi ya wanaume vikundini wanasema: "Mama zetu walilima na jembe hilohilo, hawakulalamika." Kaka yangu, nenda kamtazame mama yako anavyotembea leo. Mgongo wake ndiyo malalamiko yenyewe.

Na mtumishi mwenzangu anasema: "Sisi si wahandisi." Sawa. Lakini futikamba ya fundi cherehani unayo au huna? Chuoni tulifundishwa kupima nafasi kati ya shina na shina. Tunashindwaje kupima kimo cha kiwiko cha mkulima?

NINACHODAI

Kwanza, kwa wahandisi wetu wa SUA, wa CAMARTEC kule Arusha, wa SIDO na kwenye karakana za VETA. Mtu wa kompyuta mtumieni, ni chombo kizuri sana. Lakini mlisheni vipimo vya watu wa hapa: mama wa Kondoa, mvuvi wa Mafia, mmasai wa Longido. Hawafanani miili. Sisi mabwana shamba tuko vijijini kila siku. Tupeni fomu ya vipimo vitano: urefu, kimo cha bega, kimo cha kiwiko, mkono ukinyooshwa mbele, na upana wa kiganja. Mtu mmoja anachukua dakika chache, na mkutano mmoja wa kijiji unatosha kupata watu wengi. Mwiteni mwanamke ampime mwanamke, na ombeni ridhaa kwanza.

Pili, kwa wanaonunua kwa fedha ya umma au ya mradi. Andikeni kwenye zabuni: kifaa kirekebishike, na muuzaji aeleze kilijaribiwa kwa watu wa vimo gani. Kabla ya malipo ya mwisho kijaribiwe shambani siku tatu na mwanamke mfupi kuliko wote kikundini na mwanaume mrefu kuliko wote. Wakisema hapana, kirudi kwa muuzaji.

Tatu, kwako wewe msomaji. Usisubiri kompyuta. Una mwili, na huo ndio kipimo cha mwisho.

• Kabla ya kununua mashine, ifanyie kazi nusu saa. Dakika tano ni za kupigwa picha.

• Kazi nzito ya kusimama iwe chini ya kiwiko chako, kati ya sentimita 15 na 40. Meza au mlango wa kulishia ukiwa juu zaidi, jenga jukwaa imara la kusimamia. Ukiwa chini sana, inua mashine.

• Mpini wa jembe usichukue wowote tu. Ukilima ukalazimika kuinama mpaka kichwa kiwe chini ya kiuno, mpini ni mfupi kwako. Fundi akuchongee mwingine.

• Bomba lijazie juu ya benchi au kichuguu kilicho usawa wa kiuno, ulivae ukiwa umeupa mgongo. Usiliinue kutoka chini.

• Fupisha mikanda mpaka tangi likae juu ya kiuno. Mikanda ikiwa myembamba, ishonee kitambaa kinene au sponji.

• Kama mwili wako ni mdogo, jaza lita 10 badala ya 16. Punguza na dawa pia: lebo ikisema mililita 40 kwa lita 16, kwa lita 10 weka mililita 25. Utaenda kujaza mara nyingi zaidi, lakini utaenda kwa miguu yako mwenyewe.

• Mfanyabiashara, funga magunia ya kilo 50. Utalipa magunia mengi zaidi, lakini mpakiaji wako atakuwepo msimu ujao.

NIMERUDI KWA BIBI

Mwaka huu nilikwenda tena kijijini kwa bibi yule. Nilikwenda na futikamba na fundi wa kuchomelea. Tulimpima yeye na wenzake sita. Fundi akakata ule mti wa kushikilia na kuushusha, akasogeza pedali chini, akaweka ngazi ndogo ya kupandia. Pampu moja tu, kwa majaribio. Si kazi ya maabara, na bado kuna mambo hayajakaa sawa: nguvu ya maji imepungua kidogo kwa sababu mkanyago umekuwa mfupi, na suala la khanga wamelimaliza wenyewe kwa kuvaa suruali ndani.

Nilimuuliza kama sasa inafaa. Hakunijibu haraka. Alikanyaga mpaka tuta la tatu likalowa, akashuka, akajifuta jasho. Akasema: "Hii inaanza kunijua. Na ile ripoti uliyoandika, umeshaifuta?"

Sijaifuta. Ripoti ikishapelekwa wilayani haifutiki. Ndiyo maana nimeandika hii, nanyi mkiwa mashahidi: wanakikundi walikuwa na mwamko. Asiyekuwa nao nilikuwa mimi.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye kuhifadhi mahindi bila dumuzi. Ila kabla ya hapo, pima kimo cha kiwiko chako, kisha uende ukaitazame mashine yako upya.